Nani Hutunza Programu ya Kituo cha Afya?

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Juni, nilikwenda katika kituo kimoja cha afya wilayani Kisarawe kusaidia kliniki ya shinikizo la damu na kisukari. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa kosa nitakalolieleza lingeweza kutokea popote. Mgonjwa wa tatu asubuhi ile alikuwa mzee aliyetoka upande wa Maneromango kwa bodaboda, shati limepigwa pasi, kadi ya kliniki imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Muuguzi alitazama kompyuta kabla ya kumtazama yeye.

"Shikamoo, mzee wangu. Hapa naona hukuja siku yako. Umeshaandikwa mtoro."

"Marahaba, mwanangu. Siku yangu ni leo. Tazama kadi."

Kadi ilisema tarehe 4 Juni, na siku ile ilikuwa tarehe 4 Juni. Hata hivyo mzee alipewa nasaha ndefu juu ya ubaya wa kukatiza dawa, nasaha ambayo hakuistahili, naye akaipokea kwa adabu ya watu wa makamo yake. Baadaye nikaelezwa kwamba mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikwisha kufika nyumbani kwake kumuulizia, mbele ya majirani, kwa nini ametoroka matibabu. Nami, nakiri, dakika zile za kwanza niliiamini kompyuta.

Aliyegundua ukweli ni muuguzi yule yule. Mchana, kliniki ilipopungua watu, alinijia na orodha iliyochapishwa. "Daktari," akasema, "hawa watoro wangu wote ni wa mwanzo wa mwezi. Wa katikati na wa mwisho wanakuja vizuri. Wazee wa mwanzo wa mwezi wana nini?"

Tukafungua rejista za karatasi. Kompyuta ya kituo iliwahi kuharibika, ikatengenezwa, na aliyeitengeneza akaiacha na mpangilio wa Kimarekani, ambao huandika mwezi kabla ya siku. Programu ya miadi, ambayo ilikuwa toleo la zamani, ilifuata mpangilio wa kompyuta bila kuuliza. Muuguzi alipoandika 4/6, yenyewe ikasoma Aprili 6, siku iliyotangulia hata hudhurio la mwisho la mzee. Miadi ya tarehe 15 au 23 haikuguswa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, na hapo programu ilirudi yenyewe kwenye usomaji wetu. Walioumia ni wenye miadi kati ya tarehe 1 na 12 tu. Kosa la namna hii ni baya kuliko la kompyuta kuzimika kabisa. Kompyuta ikizimika kila mtu hurudi kwenye daftari. Ikikosea mara moja kati ya tatu, watu huendelea kuiamini.

Tena lilikuwa na upande wa pili ulio mbaya zaidi. Miadi ya 9/6 ilisomwa kuwa Septemba 6. Kwa hiyo mgonjwa aliyepaswa kuja Juni na asije, kompyuta ilimsubiri kimya miezi mitatu. Mama mmoja wa aina hiyo alirudi Julai akiwa amebebwa, mkono na mguu wa kulia haviinuki, maneno hayatoki. Siwezi kuapa kwamba angefuatiliwa mapema asingepata kiharusi. Udaktari hauruhusu viapo vya namna hiyo. Ninachojua ni kwamba kituo kilikuwa na utaratibu wa kumfuatilia, kilikuwa na mhudumu wa kumfikia, na hakuna aliyetumwa.

Ile ilikuwa programu huria, yaani ambayo msimbo wake, maelekezo yote ambayo kompyuta huyafuata, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha bila kulipia leseni. Na kosa lile la tarehe lilikuwa limekwisha kurekebishwa. Kijana wa TEHAMA niliyemwomba msaada alilipata katika maelezo ya toleo jipya, mstari mmoja tu: programu sasa huomba mwezi kwa jina na hukataa miadi iliyotangulia siku ya hudhurio. Tiba ilikuwapo, bure, na kituo hakikuwa nayo. Juu ya kioo cha ile kompyuta palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa utepe: USIBONYEZE UPDATE.

Sikumlaumu aliyeibandika. Aliwahi kubonyeza siku ya kliniki, programu ikafunga, wagonjwa sitini wakasubiri hadi alasiri. Kijana aliyeisimika alikuwa ameajiriwa na mradi, mradi ulikwisha, na namba yake ya simu haikupatikana tena. Katika hali hiyo, kutogusa ni busara ya mtu aliyeachwa peke yake. Tatizo ni kwamba tumewaacha watu wengi peke yao.

Kwa muda mrefu nilidhani mambo haya si yangu. Ni ya watu wa kompyuta, kama vile mabomba ni ya fundi bomba. Siku hizi nashikilia kwamba toleo la programu inayotumika kliniki ni jambo la kitabibu sawa na kipimo cha dawa, na kwamba mkoa wetu wa Pwani, na nchi nzima, tumekosea kwa kuhesabu gharama ya kusimika programu bila kuhesabu gharama ya kuitunza.

Programu hizi zimeenea kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Takwimu za MTUHA ambazo kila kituo hutuma mwisho wa mwezi huingizwa katika DHIS2, programu huria iliyozaliwa na mpango ulioanza Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, na ambayo leo huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, pamoja na vikundi vya nchi mbalimbali, kikiwamo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hutumika katika zaidi ya nchi 70. Jirani zetu wa Kenya wana OpenMRS, iliyobuniwa mwaka 2004 na madaktari waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa UKIMWI pamoja na Chuo Kikuu cha Moi, ikaanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Madaktari hao walianza kuandika programu kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi kuliko uwezo wa mfumo wa awali, na walipoiandika wakaiweka wazi kwa wengine.

Programu kama hizi hazikamiliki. Hutoka toleo, watu hulitumia, kasoro hugunduliwa, marekebisho hukusanywa, hutoka toleo jingine. Watunzaji hawawezi kutunza matoleo yote ya zamani, kwa hiyo huchagua machache ya karibuni na kuyaletea marekebisho; toleo likizeeka mno, hata tundu la hatari likigunduliwa ndani yake, halizibwi. Kituo kinachotumia toleo la miaka saba iliyopita kinatumia kitu ambacho waliokitengeneza wamekwisha kukiaga. Sisi tunaifahamu hali hii. Dawa iliyopita muda wake hatuigawi hata kama bado inaonekana nyeupe na safi ndani ya kopo.

Wako watakaosema: basi tununue programu za kulipia, zenye kampuni ya kuwajibika. Hoja hii ina uzito, na mahali pengine ndiyo njia sahihi. Lakini haiondoi tatizo ninalolizungumzia. Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilizifunga kompyuta za hospitali nyingi za umma za Uingereza. Miadi ilifutwa kwa maelfu, na baadhi ya magari ya wagonjwa yalielekezwa hospitali nyingine. Kompyuta zile zilitumia Windows, programu ya kampuni tajiri, na kampuni hiyo ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi, miezi miwili kabla. Hayakuwa yamewekwa. Uingereza haikukosa fedha wala wataalamu; ilikosa mazoea ya kufanya jambo dogo kwa wakati wake. Tofauti kwetu ni kwamba kampuni ikifungwa au mkataba ukiisha, programu iliyofungwa hubaki jiwe mkononi. Programu huria inaweza kurekebishwa na kijana wa Kibaha. Inaweza, ikiwa yupo kijana wa Kibaha anayelipwa kufanya hivyo.

Kibaha yenyewe ina funzo la zamani katika jambo hili. Mwaka 1963 nchi za Nodiki, yaani Denmaki, Norwe, Ufini na Uswidi, zilianzisha pale mradi mkubwa wa shule, kituo cha wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, na huduma za afya zilizoanzia hapo ndizo mizizi ya Hospitali ya Tumbi ya leo. Tangu siku ya makabidhiano, bati lililoota kutu lilikuwa bati letu, na bomba lililopasuka lilikuwa bomba letu. Hakuna aliyeshangaa kwamba majengo ya zawadi yanahitaji rangi na fundi. Programu zinatoka huko huko Norwe na kwingineko, nazo ni zawadi kwa maana ile ile, ila kwa kuwa kutu yake haionekani kwa macho, bajeti ya rangi hatukuiweka.

Badala yake tumeitegemea miradi. Mfadhili hununua kompyuta, hulipa mafunzo ya siku tano, humlipa kijana wa TEHAMA kwa miaka mitatu, kisha huandika ripoti. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya nchini mwetu ilisimama ghafla, na tulizungumza sana, kwa haki, juu ya dawa na vipimo. Tulizungumza kidogo mno juu ya watu waliokuwa wakihakikisha kwamba seva zinawaka, nakala za akiba zinahifadhiwa na matoleo yanahuishwa. Kukosekana kwao hakuonekani wiki ya kwanza. Huonekana baada ya miezi kumi na minane, siku hifadhidata inapogoma kufunguka na nakala ya mwisho ni ya mwaka juzi.

Upo upande mwingine ambao hata wenzangu wanaoipenda TEHAMA huupita haraka. Tunasema programu huria ni salama kwa sababu kila mtu anaweza kuusoma msimbo wake. Ni kweli nusu. Kompyuta ya kituo haitumii msimbo ule unaosomwa. Hutumia kifurushi kilichojengwa kutokana na msimbo huo, na baina ya msimbo na kifurushi upo mkono wa mtu.

Pale Kibaha kipo kiwanda cha viuadudu vya kibiolojia vya kuua viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba. Bakteria wanaotumika ni wale ambao sayansi inawafahamu na vitabu vinawaeleza. Si siri ya mtu. Lakini bwana afya anapopokea dumu, kitabu hakimwambii kilichomo ndani ya dumu lile. Ndiyo maana lina lebo, namba ya bechi na tarehe, na ndiyo maana bechi hupimwa kabla ya kutoka. Ujuzi wa namna ya kutengeneza ni kitu kimoja, na dumu lililo mkononi ni kingine.

Machi 2024 dunia ya kompyuta ilikumbushwa jambo hili kwa namna ya kutisha. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo XZ Utils, ambayo hukaa ndani ya mifumo mingi ya Linux, na Linux ndiyo huendesha sehemu kubwa ya seva duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Ufini, kwa hiari, bila mshahara. Mwaka 2022, watumiaji walipomsukuma atoe matoleo kwa kasi zaidi, alieleza wazi kwamba uwezo wake umepungua kwa sababu za kiafya na kwamba kazi hiyo hailipwi. Wakati huo alikuwapo msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, ambaye hatimaye alikabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo. Matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yakatoka yakiwa na mlango wa siri wa kumwezesha mgeni kuingia katika seva za watu. Na hili ndilo la kuzingatia: maelekezo yaliyouamsha mlango huo hayakuwamo katika msimbo uliowekwa hadharani. Yaliwekwa ndani ya kifurushi cha toleo tu. Msomaji makini wa msimbo angeweza kusoma mchana kutwa asiyaone.

Aligunduliwa na mhandisi Andres Freund, ambaye aliona kwamba kuingia katika kompyuta moja kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akakataa kulipuuza. Tarehe 29 Machi akatangaza. Nusu sekunde! Mimi nimefundisha wanafunzi wa udaktari miaka kadhaa, na ningefurahi kuona mmoja kati ya kumi akiwa na wasiwasi wa aina hiyo juu ya mapigo ya moyo yasiyokaa sawa.

Naisimulia habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwenzetu mmoja aliyechoka, katika nchi ya mbali, alikuwa amebeba kitu ambacho hata hospitali zetu zinakitegemea, na hakuna aliyemuuliza anaendeleaje. Sisi watumishi wa afya tunajua sura ya mtu anayeshika zamu peke yake mwaka mzima. Ya pili ni ya vitendo zaidi. Katika halmashauri zetu programu mara nyingi hufika kwa flashi: kijana anakuja, anachomeka, anasimika, anaondoka. Hakuna anayemuuliza kifurushi kimetoka wapi. Watengenezaji makini huchapisha, pamoja na kila toleo, alama ndefu ya tarakimu na herufi inayokokotolewa kutokana na kifurushi chenyewe. Ukibadilisha hata herufi moja ndani, alama hubadilika. Kuilinganisha ni kazi ya dakika mbili. Haitakulinda dhidi ya mtoa toleo mwenyewe akiwa mwovu, kama ilivyokuwa kwa XZ. Kwa hilo kinachofaa ni kujenga kifurushi upya kutokana na msimbo ulio wazi, mahali pengine, na kuona kama kitatoka kile kile, jambo ambalo vyuo vyetu vinaweza kujifunza na kulifanya. Lakini itakulinda dhidi ya flashi iliyopita mikononi mwa watu wanane. Dawa iliyotoka kwenye mkoba wa mpita njia hatuipokei katika stoo ya kituo, hata akiapa kwamba ni ya Bohari ya Dawa.

Nifanye nini basi, atauliza Mganga Mfawidhi wa zahanati yenye watumishi watatu? Kwa kweli kidogo sana, na sipendi kumwongezea daftari jingine. Aandike namba ya toleo la kila programu katika karatasi moja na kuibandika pale palipokuwa na USIBONYEZE UPDATE. Kasoro anayoiona airipoti kwa maandishi, na tarehe, hata kama anadhani ni ndogo. Yule muuguzi wa Kisarawe, kwa swali lake juu ya wazee wa mwanzo wa mwezi, alifanya kazi ambayo mtengenezaji programu wa Oslo au Dar es Salaam hawezi kuifanya, kwa kuwa hawaoni wagonjwa.

Mzigo mkubwa si wake. Ni wa timu za uendeshaji wa huduma za afya za mkoa na halmashauri. Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri una mafuta ya gari la wagonjwa na una matengenezo ya jokofu la chanjo. Uwe na kifungu cha matunzo ya programu, chenye jina hilo, kisichohamishwa robo ya tatu kwenda kununua matairi. Mkoani Kibaha iwepo kompyuta ya majaribio, ambayo toleo jipya hukaa wiki kadhaa likijaribiwa kwa takwimu zisizo za wagonjwa halisi kabla halijapelekwa Kisarawe, Rufiji au Mafia. Wawepo watu wawili wa kudumu. Si mmoja, maana mmoja huugua, huolewa, huhamishwa. Na watu hao waruhusiwe, ndani ya saa za kazi, kuchangia marekebisho katika miradi huria yenyewe. Najua hili litapingwa: kwa nini halmashauri ilipe mtu atengeneze programu ya dunia nzima? Jibu langu ni kwamba asiyekaa jikoni hana sauti juu ya chumvi. Kama wenzetu wa Eldoret wasingekaa jikoni, OpenMRS isingejua lolote juu ya kliniki ya Afrika Mashariki.

Kuhuisha nako kuna madhara yake, sitaki kulificha. Toleo jipya laweza kuleta kasoro mpya. Kwa hiyo nakala ya akiba kwanza, kisha jaribio, kisha kazi ifanyike baada ya kliniki kufungwa, na isiwe Ijumaa jioni; vijana wa TEHAMA wana mwiko wa Ijumaa, kwa kuwa likiharibika Jumamosi hakuna wa kuitwa. Ni mwiko wenye hekima. Sisi wapasuaji na madaktari wa ndani tunao wa kwetu unaofanana nao, ingawa hatuuandiki.

Kwa wagonjwa nina maneno machache. Kadi yako ya kliniki itunze kama yule mzee alivyoitunza, na unapopewa siku ya kurudi, omba iandikwe kwa jina la mwezi. Ukiambiwa kompyuta inasema hivi na kadi yako inasema vile, usinyamaze kwa heshima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kutaka taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe, na taarifa ya afya yako ni yako hata ikikaa kwenye kompyuta ya serikali.

Nilirudi kituoni Oktoba. Toleo jipya lilikuwa limesimikwa, tarehe zimesahihishwa moja baada ya nyingine kutoka kwenye rejista, kazi iliyomchukua muuguzi jioni sita zisizo na posho. Mzee wa Maneromango alikuwa kwenye benchi. Mama yule alikuja pia, amesindikizwa na binti yake, anatembea kwa mkongojo, na neno aliloweza kulisema vizuri lilikuwa jina la yule binti. Muuguzi aliandika miadi yake mpya kwenye kadi kwa wino mweusi, Novemba kwa herufi zote, kisha akaigeuza kompyuta kidogo ili binti asome mwenyewe kilichoandikwa pale.